Somo la Kwanza Mawimbini

Somo la kwanza la kuteleza juu ya mawimbi huchukua saa moja na nusu hadi saa mbili, na sehemu kubwa ya muda huo mwanafunzi hasimami kabisa. Atakaa mchangani akitazama bahari, atalala kifudifudi juu ya ubao uliowekwa mchangani, ataingia majini akiwa ameushika ubao huo ubavuni, atalala tena, ataanguka, atarudi. Nyakati zote atakazokuwa amesimama wimbini siku hiyo zikijumlishwa, mara nyingi hazifiki dakika moja: aliyesimama mara 10, sekunde 5 kila mara, amesimama sekunde 50, na hayo ni mafanikio makubwa. Picha anayokwenda nayo nyumbani ni ya sekunde hizo 50, lakini somo lenyewe limo katika muda uliobaki. Humo ndimo anamojifunza jinsi wimbi linavyokuja, linavyopasuka na linavyosukuma, na anayeyaelewa hayo huwahi kusimama kuliko mwenzake mwenye misuli mikubwa.

Pwani ya kujifunzia huchaguliwa kwa sakafu yake, si kwa uzuri wake. Barani Afrika mfano bora ni Muizenberg, kitongoji cha Cape Town kilicho kwenye ghuba ya False Bay. Reli inayotoka katikati ya jiji hupita karibu kabisa na bahari, na abiria akishuka kituoni hutembea dakika chache tu kufika mchangani, palipo na safu ya vibanda vya mbao vya kubadilishia nguo vilivyopakwa rangi nyekundu, njano, buluu na kijani. Chini ya maji hakuna mawe. Ni mchanga mtupu, unaoteremka polepole mno, hata mtu mzima anaweza kwenda mbali na ufuko maji yakiwa bado kiunoni. Mteremko huo mdogo ndio unaowafanya wanaoanza kukusanyika hapo tangu asubuhi, mbao zao za rangi ya buluu na manjano zimepangwa mchangani safu kwa safu.

Kwa miongo mingi ufuko huo haukuwa wa kila mtu. Chini ya sheria ya mwaka 1953 iliyotenga huduma za umma kwa misingi ya rangi, Muizenberg ilikuwa ya Wazungu, na mtoto mweusi aliyeishi kilomita chache tu kutoka hapo hakuruhusiwa kuyaingia maji yake. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1990. Siku hizi watoto kutoka vitongoji vya watu weusi vya jiji hilo hujifunza hapo, wengine kupitia shirika la Waves for Change, linalotumia masomo ya mawimbini kuwatuliza na kuwajenga watoto waliopitia misukosuko mikubwa. Mwaka 2018 Mikey February, mwenyeji wa Cape Town, aliingia katika ligi kuu ya dunia ya mchezo huu, Mwafrika Kusini wa kwanza asiye Mzungu kufika hapo. Haki ya kila mtu kuyaingia maji hayo ilichelewa mno, na yeyote anayeukodi ubao Muizenberg leo anapaswa kulijua hilo.

Mawimbi yanayofika False Bay huzaliwa mbali sana, katika bahari iliyo kati ya Afrika na Antaktika, ambako pepo za magharibi huvuma mwaka mzima bila nchi kavu ya kuzizuia. Upepo ukivuma siku kadhaa juu ya eneo kubwa la maji, huyachafua kwanza, kisha ule mchafuko hujipanga kadiri unavyosafiri: mawimbi marefu hutangulia, mafupi hubaki nyuma na kufifia. Kinachosafiri ni nguvu, wala si maji. Kipande cha ubao kinachoelea katikati ya bahari hupanda wimbi likija na hushuka likipita, kikabaki karibu palepale. Mawimbi yanayofuatana kila baada ya sekunde 12 huenda, kwenye kina kirefu, kwa kasi ya karibu mita 19 kwa sekunde, na toka kilele cha moja hadi kilele cha jingine ni kama mita 225. Huja kwa makundi, makubwa kadhaa yakifuatana, kisha bahari inatulia kwa dakika kadhaa kabla kundi jingine halijafika. Mwalimu mzuri huwaketisha wanafunzi mchangani wayatazame makundi mawili matatu kabla hawajagusa ubao, na dakika hizo zina thamani kuliko mazoezi yoyote ya viungo.

Wimbi likikaribia pwani, kina kikapungua hadi nusu ya urefu wake au chini ya hapo, sehemu yake ya chini huanza kuzuiwa na sakafu. Linapunguza mwendo, linasongamana na linalolifuata nyuma, linainuka. Hatimaye kimo chake kinakuwa kikubwa mno kwa maji yaliyo chini yake, nalo linapasuka. Kwa makadirio, wimbi la kimo cha mita 1 hupasuka kwenye kina cha mita 1.3. Kanuni hiyo moja inamwambia mwanafunzi mambo mengi: akiona wimbi linapasuka mbali, ajue pale pana kina kidogo, akiona linapita bila kupasuka, ajue pana kina kirefu. Namna ya kupasuka nayo hutegemea mteremko. Sakafu ikiinuka ghafla, kama kwenye mwamba, kilele hurukia mbele na kuanguka kwa kishindo juu ya maji machache. Sakafu ikiinuka polepole, kilele humomonyoka taratibu, na wimbi hugeuka kuwa ukuta mfupi wa povu unaosogea ufukoni kwa mita nyingi. Povu hilo ndilo darasa la siku ya kwanza.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atauliza kwa nini huko kwao, penye bahari ya joto na vijana wanaoogelea tangu utotoni, mchezo huu haukuenea. Sehemu kubwa ya jibu ni mwamba. Kuanzia Diani nchini Kenya hadi Paje huko Zanzibar, mwamba wa matumbawe umeandamana na ufuko, na nguvu ya mawimbi huishia juu yake, mbali na mchanga. Wavuvi wanaujua mstari huo mweupe unaonguruma msimu wa kusi. Ndani yake maji ni shwari, yanafaa ngalawa na mtu anayejifunza kuogelea, lakini hayana wimbi la kumsukuma mtu. Kujifunza juu ya mwamba wenyewe ni hatari isiyo na sababu. Maji ni haba, matumbawe yanakata, na anayeanza huanguka kila mara.

Upepo nao hutazamwa kabla ya kuingia. Unaovuma kutoka nchi kavu kwenda baharini huusimamisha uso wa wimbi na kuulainisha. Unaotoka baharini hulisukuma wimbi lipasuke mapema na ovyo. Huko Muizenberg upepo wa kaskazini-magharibi wa majira ya baridi hutoka nchi kavu, na ule wa kusini-mashariki, unaoitikisa Cape Town wakati wa kiangazi, hutoka baharini na mara nyingi hukaza mchana. Kwa hiyo masomo ya kiangazi hupangwa asubuhi. Maji nayo yana ratiba yake ya kujaa na kupwa. Yakijaa sana mawimbi hupasuka karibu na ufuko, na yakipwa sana povu hufika kwa mwanafunzi likiwa limechoka. Kati ya hayo mawili ndipo pazuri.

Ubao wa mwanafunzi ni mrefu, mpana na laini: kiasi cha futi 8, yaani karibu mita 2.4, upana wa sentimeta 56 hivi, na juu umefunikwa kwa sponji isiyopasua kichwa. Wengi hutamani ubao mfupi wanaouona mikononi mwa mabingwa, na ni kosa linaloharibu masomo mengi. Ubao mrefu huelea vizuri, hauyumbi, na hushika mwendo kwa wimbi dogo. Mfupi humzamisha mtu asiyejua kupiga maji. Mbao za zamani za Hawaii, zilizochongwa kwa miti kama koa, zilikuwa nzito ajabu, na hazikuwa na mapezi chini. Tom Blake, Mmarekani aliyeishi Waikiki huko Hawaii, ndiye aliyefunga pezi la kwanza chini ya ubao mwaka 1935, na tangu hapo tezi ya ubao, yaani sehemu yake ya nyuma, ikaacha kuteleza upande. Miaka ya 1950 watengenezaji wa California wakaacha mbao za miti na kutumia povu gumu la plastiki. Bila hatua hiyo ya pili mtoto wa miaka tisa asingeweza kubeba ubao wake mwenyewe hadi majini.

Tezi ya ubao imefungwa kamba ya mpira mgumu, nayo huishia kwenye mkanda unaovalishwa kifundo cha mguu wa nyuma. Kazi yake ni kuuzuia ubao usiende kumgonga mwogeleaji mwingine. Lakini kamba inayovutika ni kamba inayorudi. Kamba za kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, zilivutika kupita kiasi, na mwaka 1971 Jack O'Neill, mtu aliyejulikana California kwa suti zake za mpira, alipoteza jicho la kushoto ubao wake uliporudi kwa kasi. Kamba za leo hazivutiki hivyo, ila fundisho limebaki: anayeanguka huibuka mikono ikiwa imeziba uso na kichwa.

Maji ya False Bay ni ya baridi kwa mtu aliyezoea Bahari ya Hindi. Kwa mwaka huwa kati ya nyuzi 14 na 20 hivi. Suti ya mpira wa neoprini ina viputo vidogo vya gesi ndani yake, na hivyo ndivyo vinavyohifadhi joto la mwili. Kuivaa ni kazi. Zipu ya suti nyingi hukaa mgongoni, na karibu kila darasa lina mtu aliyeivaa kinyume, zipu kifuani. Mguu huingizwa kidogokidogo, mpira ukikunjwa na kuvutwa hadi ukae sawa gotini na kwenye kinena, kwa sababu suti iliyoachwa ikaning'inia kinenani humfunga mtu asiweze kuinua goti, na goti lisiloinuka halimsimamishi mtu. Penye maji ya joto fulana ya mikono mirefu inayobana inatosha, ili ubao usichubue tumbo na jua lisiunguze mgongo.

Jua hilo lisidharauliwe. Masomo mawili ya mwanzo yanayojulikana sana katika historia yaliishia kwenye ngozi iliyoungua. Mwandishi Jack London alijifunza Waikiki mwaka 1907 akiongozwa na Alexander Hume Ford, akakaa majini muda mrefu bila kujifunika, na siku iliyofuata hakuweza kutoka kitandani. Mwandishi mwingine, Agatha Christie, aliyekuwa bado si mashuhuri sana, alipita Muizenberg mwaka 1922 akiwa katika safari ndefu na mume wake, aliyekuwa kwenye msafara wa kutangaza maonyesho ya Dola ya Uingereza. Walipanda treni kwenda ufukoni na kuteleza wakiwa wamelala juu ya mbao nyembamba. Baadaye mwaka huohuo walifika Honolulu, Hawaii, ambako jua liliwaunguza na matumbawe yakawakata miguu, hadi Christie akaanza kuvaa viatu laini vya ngozi. Hakuacha. Huko Honolulu alisimama.

Mpangilio wa safari ile ya Christie, kulala kwanza na kusimama baadaye, ndio mpangilio wa somo lolote la maana. Kulala wimbini ni mchezo kamili wenye hadhi yake. Ofisa wa jeshi la Uingereza James Alexander, aliyepita Accra katika miaka ya 1830, aliandika kuhusu wavulana waliokuwa wakiogelea kwenda baharini wakiwa na mbao nyepesi chini ya matumbo, wakingoja wimbi liwarudishe. Hawaii na visiwa vingine vya Polinesia ndivyo vilivyoukuza ufundi wa kusimama hadi kilele chake, na kutoka huko ukasambaa: Duke Kahanamoku, bingwa wa Olimpiki wa kuogelea mwaka 1912, aliwaonyesha watu wa Sydney jinsi unavyofanywa katika kiangazi cha 1914 na 1915. Naye pia alianza utotoni katika maji ya Waikiki, palepale wanapofundishwa wageni leo.

Mafunzo ya nchi kavu hufanywa juu ya mchanga mgumu ulio karibu na maji. Mwalimu huuweka ubao chini, au huchora umbo lake kwa kidole, kisha mwanafunzi hulala katikati kabisa, mstari wa katikati ya ubao ukipita chini ya kidevu na kitovu. Vidole vya miguu hugusa mwisho wa tezi. Mahali hapo pana umuhimu kuliko inavyodhaniwa. Akilala mbele mno, wimbi likiinua tezi, omo, yaani ncha ya mbele, inazama na mtu anarushwa juu ya ubao wake; akilala nyuma mno, ubao unainua omo na kukokota maji, na wimbi linampita. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni upana wa kiganja au viwili. Walimu wengine hutia alama kwa nta pale kidevu kinapopaswa kuwa.

Kisha kuinuka. Viganja hubandikwa juu ya ubao usawa wa mbavu za chini, viwiko vikiwa karibu na mwili. Havishiki kingo, kwa sababu ukingo ukishikwa ubao hugeuka. Mwanafunzi husukuma kifua juu, na kwa mkupuo huohuo huvuta miguu chini ya mwili: mguu wa mbele hukanyaga kati ya mikono, wa nyuma hukaa hatua moja pana nyuma yake, nyayo zote zikielekea upande. Magoti yamekunjwa, nyonga imeshuka, mikono imetandazwa, macho yako mbele. Mguu upi utangulie ni suala la mwili wa mtu mwenyewe. Wengi hutanguliza wa kushoto, wengine wa kulia, na njia rahisi ya kujua ni kumsukuma mtu kidogo kwa nyuma bila taarifa na kutazama mguu anaoutoa kujizuia. Asiyeweza kuinuka kwa mkupuo mmoja hupita kwenye goti. Wapo walimu wanaokataza njia hiyo wakihofia mazoea mabaya, lakini kwa mtu mzima mwenye mgongo mzito ni njia halali, na siku ya kwanza si siku ya kubishania umbo.

Hapa pana hatari moja isiyojulikana sana, nayo huwapata hasa wanaojifunza mara ya kwanza. Mwaka 2004 madaktari wa Hawaii walieleza kisa cha watu tisa, wengi wao vijana wenye afya, waliopata udhaifu wa miguu baada ya somo la kwanza bila kuanguka wala kugongwa. Inadhaniwa kwamba kulala kifudifudi kwa muda mrefu mgongo ukiwa umepindwa kwenda nyuma huzuia damu kufika kwenye uti wa mgongo. Ni jambo la nadra sana, ila dalili zake lazima zijulikane: maumivu ya ghafla ya mgongo majini, kisha ganzi au miguu kuishiwa nguvu. Mtu wa namna hiyo hutolewa majini mara moja na kupelekwa hospitali. Haambiwi apumzike kidogo kisha aendelee. Kinga yake si ngumu. Mwanafunzi anywe maji kabla ya somo, ashushe kifua kila anapongoja wimbi, na akae au asimame kwa dakika chache kila baada ya muda.

Kuingia majini kuna kanuni moja inayozipita nyingine zote: ubao usikae kamwe kati ya mtu na wimbi. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa zaidi ya kilo 1,000, na ubao uliokingama mbele ya povu la kimo cha kiuno humpiga aliyeushika kifuani au usoni kwa nguvu hiyo. Kwa hiyo ubao hubebwa ubavuni, omo ikitazama baharini, na kila povu likifika omo huinuliwa kidogo ili maji yapite chini. Mwanafunzi hutembea hadi maji yafike kiunoni, wala si zaidi. Anayejua kuogelea hana haja ya kuogelea hapo, na asiyejua asiwepo kabisa. Kina cha kiuno hubadilika kuwa cha shingo kwa wimbi moja, na utulivu chini ya maji haufundishwi ndani ya somo hili.

Mawimbi matano sita ya mwanzo ni ya kulala tu. Mwalimu hugeuza ubao utazame ufuko, mwanafunzi hupanda na kulala kwenye alama, kisha povu likiwa mita chache nyuma mwalimu husukuma. Msukumo huo una sababu. Povu kwenye kina cha mita 1 husafiri kiasi cha mita 3 kwa sekunde, na mtu anayepiga maji kwa mikono kwa mara ya kwanza hafiki nusu ya kasi hiyo. Wimbi halimbebi asiye na mwendo, humpita. Utingo wa daladala hukimbia kwanza sambamba na gari ndipo arukie mlangoni, na kwenye wimbi ni vivyo hivyo: ubao uwe tayari unakwenda povu linapofika. Siku ya kwanza mwendo huo hutolewa na mkono wa mwalimu, na ufundi wake hujulikana hapo, katika kuchagua wimbi na katika nusu sekunde ya kusukuma, zaidi ya maneno yote aliyoyasema mchangani.

Povu likigusa tezi, ubao huinuka nyuma, hutikisika, kisha hutulia ghafla na kwenda kasi. Utulivu huo ndio ishara. Mwanafunzi anayengoja hadi auhisi, akiwa bado amelala, ana muda wa kutosha wa kuinuka, kwa maana ubao unaokwenda kasi hauyumbi kama ubao uliosimama. Anayeinuka mapema, wakati wa mtikisiko, huanguka karibu kila mara, na wengi huanguka hivyo mara tano au kumi mfululizo wakidhani tatizo ni miguu. Kosa la pili lililoenea ni kutazama chini. Kichwa kina uzito, na macho yakienda kwenye nyayo kichwa hufuata, mabega hufuata kichwa, na mtu hupinduka upande wa mbele. Mwalimu humpa kitu cha kutazama ufukoni, kibanda chekundu au mti, na mara nyingi badiliko hilo pekee humsimamisha mtu aliyekuwa ameshindwa saa nzima.

Anayesimama kwa mara ya kwanza hukakamaa. Magoti hunyooka kwa furaha, na ubao huteleza kutoka chini yake. Kukunja magoti zaidi, karibu kuchuchumaa, huongeza sekunde kadhaa. Kuhamisha uzito kidogo kwenye mguu wa mbele huzuia ubao kukokota. Kugeuka upande si jambo la siku hiyo, ingawa wapo watakaogundua wenyewe kwamba wakiegemea vidole ubao unafuata.

Kuanguka nako kunafundishwa. Kwenye maji ya kiunoni hakuna kuruka kwa kichwa, hata kwa mzaha. Shingo nyingi zimevunjika kwenye mchanga laini. Mtu huanguka ubavu au kwa makalio, akijitandaza ili asizame, mbali na ubao. Hukaa chini kitambo kidogo, mikono kichwani, ndipo huibuka na kuutafuta ubao kwa macho kabla ya kuuvuta kwa kamba.

Maji yanayosukumwa ufukoni na mawimbi lazima yarudi, nayo hurudi kwa njia iliyo na kina zaidi kuliko pande zake. Huo ndio mkondo wa kutoka. Wavuvi wa Afrika Mashariki wanaujua wa aina yake kwenye milango ya mwamba, maji yanapopwa na kutoka kwa nguvu kwenda bahari kuu. Kwenye ufuko wa mchanga huonekana kama kichochoro cha maji tulivu, meusi kidogo, kati ya sehemu mbili zenye povu, na utulivu huo humdanganya mgeni akaingia papo hapo akidhani pana salama. Kasi yake kwa kawaida ni nusu mita hadi mita 1 kwa sekunde, na wakati mwingine huzidi mita 2, mwendo unaokaribia ule wa bingwa wa Olimpiki wa mita 50. Kushindana nao ni kujichosha bure. Aliyechukuliwa hubaki juu ya ubao wake, huinua mkono kuomba msaada, na hupiga maji sambamba na ufuko hadi aufikie upande wenye povu, ambalo litamrudisha.

Muizenberg ina ishara nyingine ya kusomwa kila baada ya dakika chache. Tangu mwaka 2004 waangalizi wa papa huketi mlimani juu ya ghuba wakiwa na darubini na kupeperusha bendera. Kijani ina maana maji yanaonekana vizuri na papa hajaonekana. Nyeusi, kwamba mwonekano ni hafifu. Nyekundu, kwamba tahadhari ni kubwa. Bendera nyeupe yenye picha ya papa hupanda pamoja na king'ora, na hapo kila mtu hutoka bila kungoja wimbi la mwisho. Mwanafunzi huelezwa hayo mchangani, kwa sauti ya kawaida, kama anavyoelezwa habari ya kamba na mapezi.

Adabu ya majini kwa siku ya kwanza ni fupi: wimbi moja mtu mmoja, nafasi ya urefu wa mbao mbili kati ya mwanafunzi na mwenzake, na ubao hautupwi hata povu likitisha. Sheria za nani ana haki ya wimbi ambalo bado halijapasuka huja baadaye, atakapotoka nje ya povu.

Somo humalizwa na uchovu, si saa. Mikono ikianza kuchelewa kusukuma, na mtu akawa anaanguka kwa njia ambazo hakuwa akianguka mwanzoni, mwalimu humpa wimbi moja la kulala limpeleke hadi mchangani. Suti huoshwa kwa maji baridi na kuanikwa kivulini, maana jua huufanya mpira ukakamae na kupasuka. Kamba huoshwa chumvi na kunyooshwa. Mabega na misuli ya katikati ya mgongo huuma siku mbili zinazofuata. Masomo ya pili na ya tatu hurudi kwenye povu lilelile, safari hii bila mkono wa mwalimu nyuma ya tezi, hadi mwanafunzi aweze kulikamata mwenyewe mara nyingi kuliko anavyolikosa. Hapo ndipo hupelekwa nje ya mstari wa povu kujifunza kukaa juu ya ubao, kungoja, na kuchagua wimbi ambalo bado ni la kijani, yaani halijapasuka.